Mtu Wangu wa Hounslow

Wewe unayenisikiliza, nianze kwa kukwambia kwamba kazi yangu ni kueleza. Kwa miaka mingi nimefundisha watu wazima kutumia kompyuta na simu katika ukumbi mmoja wa mtaa kule Stratford, mashariki ya London, ghorofa ya kwanza, juu ya chumba cha kuchezea watoto wadogo. Wanakuja wafanya usafi, wapishi, wastaafu, na akina mama walioandikiwa barua na ofisi fulani kwamba kuanzia sasa fomu zote zinajazwa mtandaoni. Wengi huja na aibu. Huketi ukingoni mwa kiti kama mtu aliyeitwa na mwalimu mkuu. Mimi huwaambia hapa hakuna swali la kijinga, na hiyo mashine haiwezi kukucheka. Nikirudia mara ya tano, narudia kwa sauti ileile ya mara ya kwanza. Nilikuwa najivunia jambo hilo.

Ninachotaka kukueleza ni namna nilivyomfundisha mama mmoja jambo kwa upole na kwa ufasaha, naye akalielewa lote, na kuelewa kwake kukamgharimu mguu.

Itabidi kwanza ujue duara lilivyokuwa. Usiogope, si jambo gumu.

Kabla mimi sijafika London, wanawake wa kwetu waliokuwa wametawanyika mjini, hospitalini, jikoni, uwanja wa ndege, walipata habari kwamba mwenzao mmoja ameugua chumbani kwake peke yake siku kadhaa na hakuna aliyejua. Tangu hapo wakapanga. Kila mmoja akapewa mtu mmoja wa kumpigia simu, na mtu mmoja wa kumpigia yeye. Yule unayempigia ulimwita "mtu wangu". Kila Alhamisi alasiri simu ilizunguka kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine, na kila palipokuwa na jambo ilizunguka tena: mgomo wa treni, theluji, moto, fujo. Walikuwamo Wabara na Wazanzibari, Wakristo na Waislamu, na Mhindi mmoja mwenye duka, mzaliwa wa Mwanza, aliyekisema Kisukuma vizuri kuliko sisi wote.

Masharti yalikuwa machache. Unampigia, unasikia sauti yake. Ukimpa habari, hakati simu mpaka airudie kwa maneno yake mwenyewe. Asipopokea mara mbili, unakwenda mlangoni kwake, au unamtafuta aliye karibu aende. Wa mwisho anampigia wa kwanza, ijulikane kwamba duara limefunga. Na sharti moja lilikuwa zito kuliko mengine: siku za hatari, aliyekupigia akisema "kaa", unakaa mpaka yeye mwenyewe akwambie "toka". Hata redio ikisema kumetulia, hutoki. Redio haiujui mtaa wako.

Duara lilikuwa na vituko vyake. Siku moja habari iliondoka Stratford kwamba basi fulani limebadilishiwa njia kwa sababu ya ukarabati wa barabara. Ilipomaliza kuzunguka, yule aliyeianzisha alipigiwa simu akapewa pole kwa kifo cha dereva. Tulicheka mwezi mzima. Lakini vilevile lilikuwa jambo la polepole. Habari iliyoondoka saa nne asubuhi ilifunga saa nane mchana, na kama mmoja alikuwa kazini na simu imefungwa kabatini, jioni.

Mtu wangu alikuwa mama wa Hounslow, kando ya uwanja wa ndege, mzaliwa wa Tanga, aliyesafisha vyoo vya uwanja wa ndege mpaka magoti yakakataa. Sote tulimwita Mama Mkubwa. Alikuwa mjane, watoto wake wako nchi nyingine, na anaishi ghorofa ya pili katika nyumba isiyo na lifti. Alikuwa na sukari, na kwenye kisigino cha kulia alikuwa na kidonda kisichotaka kupona. Kila Jumanne na Ijumaa alishuka ngazi na mkongojo wake, akapanda basi kwenda zahanati, muuguzi akakisafisha na kukifunga upya. Muuguzi alimwambia wazi kwamba asikose, maana kidonda kile kikiachwa kingepanda.

Nilipompigia Alhamisi alianza kila mara kwa kuzilaumu ndege.

"Miaka ishirini nimewasafishia vyoo," alisema, "na bado wananipita juu ya kichwa bila salamu."

Halafu ndipo aniulize nimekula nini.

Sasa tuje kwenye programu. Kijana mmoja alikuja ukumbini kwetu kututangazia kitu ambacho kampuni yake ilikuwa imekitengeneza kwa ajili ya vikundi vya mitaa. Alikuwa mpole, alikunywa chai yetu na akaosha kikombe chake mwenyewe. Programu yenyewe ilikuwa rahisi. Mmoja anaandika tangazo, linamfikia kila mwanakikundi kwa mara moja, na kando ya kila jina kinawaka kidoto cha kijani kuonyesha kwamba mwenye simu ameliona. Mnaweza hata kupigiana ndani yake. Yote hayo bure. Nilimuuliza kama ni bure, wao wanakula nini. Alicheka kwa adabu akasema kwa sasa wanataka kwanza wapate watu. Nikatosheka. Mimi ninayewahimiza wengine waulize mara ya pili, sikuuliza mara ya pili.

Nikalipeleka jambo kwenye duara. Tulikutana ukumbini, nikachora ubaoni picha mbili. Ya kwanza duara, na nikaonyesha kwamba akikatika mmoja, wote walio mbele yake wanakosa. Ya pili nyota, habari inatoka katikati inamfikia kila ncha. Ilikuwa picha nzuri, na kila neno nililolisema juu yake lilikuwa kweli. Sikuchora itakuwaje siku katikati pakinunuliwa na mtu mwingine.

Aliyepinga ni mmoja tu, Mzanzibari anayefanya kazi kwenye mkahawa wa Waarabu kule Edgware Road. Alisema ile kupiga simu ndiyo kazi yenyewe, habari ni kisingizio tu. Watu wakamtania kwamba anaogopa kukosa umbea. Kwa wingi wa sauti nikashinda.

Mama Mkubwa nilimfundisha jikoni kwake, alasiri mbili. Alivaa miwani, akaweka simu juu ya kitambaa cha mezani kama mtu anayetaka kuichinja.

"Sasa hapo," akauliza, "nani ataniuliza nimelalaje?"

"Mama Mkubwa, hapa habari utaipata sekunde ileile."

"Sikukuuliza habari. Nimekuuliza nani."

Nikacheka, nikamwahidi kwamba mimi nitaendelea kumpigia. Kisha nikampa mafunzo mawili ambayo nimewapa mamia ya watu. La kwanza: kwa kuwa simu zote sasa zitapita ndani ya programu, kwa intaneti ya nyumbani kwake, hana haja ya kununua vocha. La pili, ambalo nililisisitiza kwa sababu matapeli wanawawinda wazee: "Usibonyeze kitu usichokielewa. Kiache hivyohivyo, unisubiri mimi." Alilipenda hilo. Alisoma Kiswahili vizuri lakini Kiingereza cha maandishi kilimchosha, na sharti hilo lilimwondolea hofu. Aliliandika kwenye kalenda ya ukutani kwa kalamu nyekundu.

Nilimpigia kweli, kwa miezi kadhaa. Halafu madarasa yakaongezeka, Alhamisi moja ikanipita, nikafungua programu nikakiona kidoto chake cha kijani, moyo ukatulia. Alhamisi iliyofuata nilikitazama kidoto bila hata kujaribu simu. Hivyo ndivyo ilivyokwenda. Hakuna siku niliyoamua kuacha kumpigia.

Masika moja tuliandikiwa kwamba kampuni ile imenunuliwa na kampuni kubwa zaidi, na kwamba wana furaha kutuletea mabadiliko. Matangazo ya dharura yenye kulia kwa sauti sasa yangekuwa kwa vikundi vinavyolipa. Ya vikundi vya bure yangefika kimya, katikati ya matangazo ya biashara. Mbele palikuwa na kurasa nyingi za masharti ambazo, nakiri, nilizipitisha kwa kidole. Siwasemi kwa kutaka faida. Mhindi wetu wa dukani anataka faida, na mwenye mkahawa wa Edgware Road anataka faida. Lakini wao ukikosa kuja siku tatu wanauliza uko wapi. Wale walionunua programu walinunua orodha ya majina yetu, na jina kwenye orodha halikosi kuja.

Tulinung'unika kidogo, kama watu wanavyoinung'unikia mvua. Hakuna aliyeondoka. Wakati huo wengi wetu hatukuwa tena na namba ya mtu wetu kichwani.

Ndipo kikaja kiangazi cha fujo. Unakikumbuka, au umekiona cha namna yake mahali ulipo. Uvumi ulisambaa kwenye simu kwamba makundi yanakuja kuwapiga wageni, mtaa huu leo, ule kesho. Wenye maduka walipigilia mbao madirishani. Wauguzi wa kwetu walivua beji zao kabla ya kupanda basi. Jumamosi asubuhi, mimi niliyekuwa msimamizi wa kikundi, niliandika: kaeni ndani nyote mpaka niwaambie. Siku ile kila mtu alikuwa ameikodolea simu yake macho, kwa hiyo hata bila mlio tangazo lilionekana. Mama Mkubwa aliliona. Akafunga mlango kwa makomeo mawili.

Jumapili yale makundi hayakuja mitaa mingi iliyotajwa, na kwingine walikuta watu wamewatangulia. Mtaani kwetu majirani walitoka wakasimama mbele ya msikiti, wazee kwa vijana, wengi wao watu ambao hatukuwahi hata kusalimiana. Masingasinga walileta chai na vyakula kwenye masufuria makubwa, wakamgawia kila aliyesimama. Nilisimama pale hadi miguu ikafa ganzi, na nikawa na furaha. Jumatatu asubuhi nikaandika: kumetulia, tokeni mkaendelee na kazi. Kwa dakika moja vidoto vyote vilikuwa vya kijani. Nakumbuka nilivyojisifu. Nilijiambia, kwa duara la zamani hii ingetuchukua mpaka saa nane.

Ijumaa nilikwenda Edgware Road, yule Mzanzibari alitaka nimtengenezee mashine ya risiti ya mkahawa. Ilikuwa mchana, wageni wa Ghuba wamejaa nje na kahawa zao. Aliniletea chai, akasimama kando yangu na kitambaa begani, akaniuliza salamu yetu ya zamani.

"Mtu wako hajambo?"

Nikamjibu hajambo kabisa, nikafungua simu nikamwonyesha kidoto.

"Nimekuuliza mtu," akasema, "wewe wanionesha simu."

Nikampigia Mama Mkubwa kupitia programu, haikuita. Nikapiga namba yake ya kawaida, nikaambiwa namba hiyo haitumiki tena. Nilihitaji muda kidogo kuelewa. Laini ya simu isiyowekwa vocha miezi mingi, kampuni ya simu huikata. Mimi ndiye niliyemwambia asiweke vocha.

Mwenzangu alikuwa ameshavua aproni. "Twende mlangoni," akasema, kama sharti lilivyokuwa likisema. Tulivuka barabara Hammersmith kubadilisha treni, na nilipojaribu kueleza kwamba huenda ni hitilafu tu, aliinua kiganja kunizuia, akaendelea kutazama ramani ya vituo.

Mapazia yalikuwa yamefungwa saa tisa ya alasiri yenye jua kali. Tuligonga, kimya. Nikainama kwenye tundu la barua, nikaliinua bati lake kwa kidole.

"Shikamoo, Mama Mkubwa."

Halafu nikasikia mkongojo, na sauti yake, ndogo, karibu kabisa na mlango.

"Marahaba, mwanangu. Wamesema tutoke?"

Alikuwa amekaa ndani tangu Jumamosi. Alikula uji na tende. Jumanne alipotakiwa kwenda zahanati hakwenda, kwa kuwa hajaambiwa. Jumatano watu waligonga, wakasema maneno ya Kizungu nje ya mlango, akazima taa na kunyamaza. Inaelekea walikuwa watu wa zahanati. Alisikia watoto wakicheza chini. Nilimuuliza, sasa Mama Mkubwa, ulipowasikia watoto hukujua kwamba kumetulia?

"Nilidhani wao wameshaambiwa," akasema.

Kisigino alikuwa amekifunga kwa kipande cha kanga safi, na juu yake kipande kingine, na kingine. Harufu ilitufika kabla hajakaa. Mwenzangu alitoka nje kuita gari la wagonjwa.

Simu yake ilikuwa mezani, imechajiwa, imefunikwa kitambaa. Nikaifunua. Programu ilikuwa imesimama kwenye ukurasa mmoja mrefu wa Kiingereza, masharti mapya ya wenye mali wapya, na chini kabisa kitufe cha buluu cha kukubali. Kwenye simu yake ulikuwa umechelewa kufika, ukajitokeza Jumapili ile. Bila kukibonyeza kitufe kile, hakuna tangazo lililoweza kuonekana, wala simu iliyoweza kuita. Na kile kidoto, nilikuja kukisoma baadaye katika zile kurasa nilizozipitisha kwa kidole, siku hizi kilikuwa na maana tu kwamba ujumbe umefika kwenye simu. Si kwamba kuna mtu ameuona.

"Kilikuja hicho," Mama Mkubwa akasema. "Sikukibonyeza. Nikakusubiri."

Alinitazama usoni kama mwanafunzi aliyemaliza mtihani na anajua amefaulu. Ukutani nyuma yake kulikuwa na ile kalenda. Nikamwambia amefanya vizuri. Lilikuwa jibu la kweli: alikuwa amefanya kila nilichomfundisha.

Walimkata mguu wa kulia chini ya goti. Daktari alituambia kwamba angefika Jumanne, pengine wangeuokoa. Alisema "pengine", nami nimelishikilia neno hilo na kulitupa mara nyingi. Niliwaandikia wenye programu. Walinijibu upesi, kwa lugha nzuri kuliko yangu, kwamba wanasikitika, kwamba wamechunguza na mfumo ulifanya kazi kama ulivyokusudiwa, na kwamba kama ishara ya kujali wako tayari kukipa kikundi chetu huduma ya kulipia kwa miezi kadhaa bila malipo. Barua ile huwa naitumia darasani, nimefuta jina lao. Nawaomba wanafunzi wanitafutie sentensi isiyo ya kweli. Hawaipati, maana haimo.

Duara lilirudishwa, si na mimi. Yule wa Edgware Road alilirudisha, kwa daftari na kalamu, akimtafuta mmoja baada ya mwingine. Wengine hawakupatikana tena. Alipokuwa akigawa watu, nilimwomba anirudishie Mama Mkubwa. Alikataa. Alikuwa amempa dada mmoja anayeishi Hounslow, dakika kumi kwa miguu.

"Nataka nirekebishe," nikamwambia.

"Najua," akasema, bila ukali. "Lakini duara si la kukutuliza wewe."

Nikapewa mtu mwingine, mpishi wa shule, na nampigia. Mama Mkubwa amehamishiwa kwenye nyumba ya wazee, ghorofa ya chini, ambako wahudumu ni wema na hakuna hata mmoja anayejua Kiswahili. Nakwenda Jumapili. Hajawahi kunilaumu, wala kwa utani, na yeye ni mtu wa utani. Akija mgeni anamwambia kwa fahari kwamba huyu ni mwalimu wangu. Ningependa siku moja aniseme.

Bado nafundisha. Watu bado wanahitaji kujaza fomu zao, na bado nawaambia mashine haiwezi kuwacheka. Siku hizi naongeza kwamba haiwezi kuwatafuta pia. Na sharti lile la kutobonyeza nimelikata katikati, nimeliongezea kipande: kiache hivyohivyo, kisha umpigie mtu, kwa simu yenye vocha, siku hiyohiyo.

Wewe pia bila shaka unaye mzee wako mwenye simu uliyomwekea mambo mazuri, na huna haja ya kuyaondoa. Ila leo, kabla ya jua kuzama, chukua karatasi, andika kwa herufi kubwa majina ya watu wawili wanaoishi karibu naye na namba zao, ibandike nyuma ya mlango wake, halafu kaa kando yake ampigie kila mmoja kwa mkono wake mwenyewe, mpaka wote wawili wapokee.